Flashi ya Linux kwa ordinatere ya zamani

Ordinatere nyingi za zamani hazikubali Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint ni ya bure. Inaomba prosesa ya biti 64 na RAM ya GB 2 ao zaidi.

Faili yake ya ISO inapita GB 2: mtu wa Nizi anaweza kuiteremsha mara moja kule Bunia, kisha agawie wengine. Kuikopi tu kama unavyokopi picha hakutoshi, ordinatere haitawaka nayo. Inaandikwa kwenye flashi na programu Rufus. Kwa BIOS ya zamani, chagua MBR.

Rufus inafuta vyote vilivyo kwenye flashi, na kuinstale kunaweza kufuta diski nzima. Kwa hiyo weka kwanza kopi ya mafaili pembeni. Halafu washa mashini ukibonyeza F12, F9 ao Esc, kufuatana na aina yake. Kama betri imekufa, ngoja umeme wa hakika.