Saa za Kazi Wakati wa Hatari

Sheria za kumlinda mfanyakazi hupatikana kwa taabu, lakini huwekwa kando upesi ngoma ya vita inapolia. Katika miaka niliyowasomesha walimu historia, mfano niliopenda kuutumia ni ule wa Uingereza.

Mwaka 1847, baada ya mabishano ya miaka mingi, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya saa kumi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Sheria nyingine zikafuata. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, na jeshi likapungukiwa makombora mwaka uliofuata, viwanda vya silaha viliruhusiwa kuvuka mipaka hiyo. Wanawake wengi walifanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki, wengine hata Jumapili. Hoja ilikuwa nyepesi: askari aliyeko handakini hapumziki, kwa nini fundi apumzike?

Septemba 1915 serikali iliunda kamati ya kuangalia afya ya wafanyakazi hao, chini ya daktari George Newman. Mtaalamu mmoja aliyeifanyia uchunguzi, H. M. Vernon, hakuhubiri huruma, alihesabu. Alilinganisha vifaa vilivyotengenezwa katika wiki ndefu na vile vya wiki fupi, akaona kuwa saa zilipopunguzwa kazi haikupungua, na pengine iliongezeka. Karibu miaka 100 baadaye mchumi John Pencavel alizipitia upya takwimu hizo. Alikuta kwamba wiki ya saa 70 ilitoa vifaa vinavyokaribiana sana na vya wiki ya saa 56. Saa 14 zile zilikuwa jasho la bure.

Hata hivyo somo halikukaa. Mwaka 1940, baada ya jeshi kuondolewa Dunkirk, saa ziliongezwa tena. Uzalishaji ukapanda kwa muda mfupi, kisha ukashuka, na serikali ikalazimika kuzipunguza.

Sisemi kwamba taifa lililo hatarini lisiombe ziada. Wiki mbili tatu mwili huvumilia. Lakini anayeomba na ataje siku ya mwisho, tena ahesabu vifaa vilivyotoka, si saa zilizopita. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mpaka wa saa za kazi si zawadi ya siku za amani. Ni kipimo cha nguvu za binadamu, nazo haziongezeki kwa sababu adui yuko mlangoni.