Lady in Satin: majeraha ya mapenzi ambayo Billie Holiday aliyachagua mwenyewe

Jengo lililosimama namba 207, Mtaa wa 30 Mashariki, jijini New York, lilianza kama kanisa. Kampuni ya santuri ya Columbia ilipolichukua mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuligeuza studio, wanamuziki hawakuacha kuliita Kanisa. Dari lilikuwa refu ajabu na sauti ilizunguka humo kwa namna ambayo mafundi waliogopa kuiharibu. Mitch Miller, mmoja wa wakubwa wa kampuni, alikataza hata kuta zisiguswe. Mpiga piano Glenn Gould alipiga humo Bach mwaka 1955. Mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi humo albamu ya Kind of Blue mwaka 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 studio ilifungwa, jengo likabomolewa na pakajengwa nyumba za kupangisha. Jiji linalojivunia muziki wake mbele ya dunia nzima liliacha nyumba kama ile ivunjwe, na hilo halina utetezi.

Humo humo, Februari 1958, Billie Holiday alirekodi Lady in Satin: nyimbo 12 za kuachwa, kusubiri na kumpenda asiyependeka. Alikuwa na miaka 42, na robo karne ya kazi nyuma yake.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1915, akakulia Baltimore katika dhiki, akarekodi mara ya kwanza mwaka 1933 baada ya mtayarishaji wa muziki John Hammond kumsikia Harlem. Mpiga saksafoni Lester Young akampa jina la Lady Day. Mwaka 1939 aliimba Strange Fruit, wimbo kuhusu watu weusi waliokuwa wakiuawa na kutundikwa mitini. Mwaka 1947 alifungwa kwa kosa la dawa za kulevya, na alipotoka mwaka uliofuata New York ilimnyima kibali cha kuimba katika vilabu vinavyouza pombe. Kwa mwimbaji wa jazz, hilo lilikuwa kama kumfungia mlango wa riziki.

Kisa cha albamu yenyewe tunakipata zaidi kwa Ray Ellis, mpangaji wa muziki, aliyekisimulia mara kadhaa hadi alipofariki mwaka 2008. Holiday ndiye aliyemtaka. Alikuwa amesikia santuri ya Ellis iliyojaa fidla, akaipenda, akaiambia Columbia kwamba huyo ndiye mtu wake. Irving Townsend, aliyesimamia kazi hiyo, alishangaa, maana watu wa jazz walitarajia bendi ndogo na wapuliza vyombo wenzake wa zamani. Holiday alitaka kitu cha kupendeza, fidla nyingi chini ya sauti yake, okestra kubwa na waitikiaji wa kike. Townsend hakumpinga.

Ellis naye alikuwa na picha yake kichwani: mwanamke mrembo wa kwenye majalada ya santuri, mwenye ua jeupe na nywele zilizotengenezwa. Aliyekutana naye alikuwa amechoka, amekonda, na pombe ilikwishamla. Ellis alishtuka na hakuficha. Mambo yakazidi kuwa magumu studioni. Holiday alinywa jini. Nyimbo nyingine hakuzijua vizuri, ingawa zilichaguliwa kwa ridhaa yake, na zote zilikuwa nyimbo ambazo hakuwahi kuzirekodi. Okestra ya watu wapatao 40 imekaa, saa zinakwenda, kampuni inahesabu gharama, na mwimbaji anajifunza wimbo papo hapo. Ellis alikasirika. Alimsikia akikosa noti alizoziandika yeye kwa uangalifu, akaona kazi yake inaharibiwa.

Majuma machache baadaye aliisikiliza kazi iliyokamilika. Hapo ndipo alipobadilika, na kwa heshima yake alilisema hilo hadharani: studioni alikuwa amesikiliza noti, hakusikiliza moyo. Alisimulia pia kwamba waliporudishiwa mkanda wa I'm a Fool to Want You, Holiday alikuwa na machozi machoni. Wimbo huo Frank Sinatra alishiriki kuutunga, na mwaka huo huo wa 1958 Sinatra alitamka kwamba hakuna mwimbaji aliyemfunza zaidi ya Billie Holiday. Mwanafunzi aliandika, mwalimu akaja kuimba, na baada ya hapo ni vigumu kuusikia wimbo ule kwa sauti ya mtu mwingine.

Usikilize leo. Fidla zinafungua kwa utamu uliozidi kidogo, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba Ellis alimwaga sukari nyingi. Kisha anaingia yeye, nyuma kidogo ya mpigo, sauti imekwaruzika, neno linaanza kwa nguvu na kuishia karibu kama pumzi. Katika You've Changed ni kama anazungumza na mtu aliyeketi naye meza moja, anayajua majibu yake yote tayari. Tarumbeta ya Mel Davis na tromboni za Urbie Green na J.J. Johnson zinapopata nafasi, hazishindani naye.

Albamu ilipotoka Juni 1958 iligawa watu, na mgawanyiko huo haujaisha. Upande mmoja unasema ni kumbukumbu ya sauti iliyokufa, na kwamba kuiuza ilikuwa kumdhalilisha mgonjwa. Upande wa pili ulimpata Miles Davis, aliyesema mwaka huo huo kwamba Holiday sasa anayajua mengi kuliko alivyoyajua miaka ya 1930, na kwamba pengine anaitawala sauti yake kuliko zamani. Mimi niko na Miles. Wanaomhurumia Holiday wanasahau kwamba alichagua mpangaji, alichagua fidla, alikubali nyimbo, na akaweka pumzi mahali alipotaka. Sauti ilikuwa imepungua. Akili ya mwimbaji ilikuwa pale pale. Huruma yao, hata ikiwa ya dhati, inampokonya kazi yake.

Machi 1959 alirudi studioni na Ellis kwa albamu nyingine, ya kampuni ya MGM. Mwezi huo huo Lester Young alifariki. Julai 17 Holiday alifia katika Hospitali ya Metropolitan, New York, akiwa na miaka 44, baada ya polisi kumkamata kwa dawa za kulevya akiwa kitandani.

Baadaye zikaja filamu za maisha yake, ile aliyoigiza Diana Ross mwaka 1972 na ile ya Andra Day mwaka 2021, ambazo zilimpenda zaidi kama mhanga kuliko kama fundi. Lady in Satin iliingizwa katika orodha ya heshima ya Grammy mwaka 2000.

Kwa anayebisha bado kwamba alikuwa fundi, liko toleo la albamu hiyo la mwaka 1997. Wimbo wa mwisho, The End of a Love Affair, ulikosekana katika santuri ya stereo ya awali kwa sababu okestra ilirekodiwa kwanza, kisha sauti ikaongezwa baadaye kwenye mkanda wa mono. Toleo hilo jipya limeweka hadharani sehemu ya kazi ile: Holiday akiimba peke yake, okestra haisikiki, anatafuta mahali pa kuingilia, anajaribu na kurudia.