Uti, Pingili na Kifundo: Majina ya Mifupa katika Historia ya Kiswahili

Hudaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakikuwa na istilahi za anatomia hadi vyombo vya ukuzaji wa lugha vilipoziunda. Dai hilo halisimami mbele ya ushahidi wa lugha yenyewe. Nguzo ya mwili huitwa uti wa mgongo, na uti ni neno la asili moja na mti. Mifupa midogo inayoujenga uti huo ni pingili, kama vile vipande vya muwa vilivyo baina ya fundo na fundo. Mahali mguu unapokutana na wayo ni kifundo cha mguu. Mkononi nako kuna kifundo chake. Maneno haya hayakuokotwa ovyo: ni taswira moja ya mmea iliyotandazwa juu ya mwili mzima.

Wapo wanaozionea haya taswira za namna hii, hasa pia ya goti, kwa kuwa pia ni kichezeo cha watoto. Wanasahau kwamba mfupa huo huo kwa Kilatini ni patella, yaani kisahani. Mtulinga ni clavicula, ufunguo mdogo. Na muundi ni tibia, jina la filimbi. Wanaanatomia wa Ulaya nao waliazima majina kutoka jikoni na ngomani.

Tatizo la kweli liko kwingine. Kwa mganga wa jadi aliyeunga mifupa, vitenzi vilitosha: mfupa huvunjika, kiungo huteguka, na kilichovunjika hatimaye huunga. Mambo yalibadilika pale sayansi ilipoingia darasani kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967. Kiungo kilikuwa tayari na mzigo mzito (tusitaje vile vya mchuzi). Vitabu vya biolojia vikaazima ogani ili kuupunguza, lakini neno hilo halikutoka sana nje ya darasa. Hadi leo maumivu ya viungo huwa ya magoti na nyonga, viungo bandia ni miguu na mikono, mazoezi ya viungo ni ya mwili wote, na upandikizaji wa viungo huhusu figo au ini. Kifundo kingeweza kupanuliwa kibebe maana ya kwanza, kwa kuwa taswira yake inaruhusu. Matumizi yamekiacha kwenye mguu na mkono.

Hata mkononi hakikukaa salama. Kwa wasemaji wengine kiwiko ni kisugudi. Kwa wengine, hasa katika matumizi ya zamani, ni kile kifundo kinachopakana na kiganja. Aliyevunjika “kiwikoni” basi amevunjika mahali pawili tofauti, kutegemea msikilizaji. Mgonjwa hulazimika kuonyesha kwa kidole, na daktari, aliyefundishwa kwa Kiingereza, huandika kwa Kiingereza.