Kuhamia Kinshasa: garanti ya nyumba na njia ya kazi

Mtu wa Kasongo ao Kabambare anayehamia Kinshasa anakutana kwanza na neno moja: garanti. Ni pesa ya miezi kadhaa ambayo mwenye nyumba anashika mbele mpangaji aingie. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Lakini wenye nyumba wengi mjini wanaomba miezi 10, tena kwa dola, na komisioneri aliyeonyesha nyumba naye anangojea yake. Kuna wanaouza kiwanja huku nyumbani juu ya hiyo.

Kazi nyingi za ofisi ziko Gombe. Lingwala na Barumbu ziko pembeni yake, mtu anaweza kwenda kwa mguu, lakini chumba ni bei. Wengi wanaishia upande wa Tshangu: Masina, Ndjili, Kimbanseke. Kule nyumba ina nafuu, ila njia kubwa ni moja, Bulvari Lumumba, na ambuteyaje yake inajulikana. Madereva wanakata safari vipande viwili ao vitatu, kila kipande kinalipiwa; wanaita « demi-terrain ». Mwezi wa 4, 2025, mto Ndjili ulifurika, ukaikata barabara hiyo.

Kwa hiyo pesa ya nyumba ihesabiwe pamoja na ya transpo. Mwenye ndugu Kinshasa akae kwake kwanza juma moja, aijaribu njia asubuhi na jioni. Na garanti iandikwe kwenye kontra: bila karatasi, siku ya kuhama kuirudishiwa ni kelele tupu.