Ufagio Mlangoni: Majira ya Kuchipua na Picha za Nyumbani katika Lacock, 1834–1844

Historia ya upigaji picha imezoeleka kusimuliwa kama historia ya wavumbuzi wawili walioshindana, Daguerre wa Paris na Talbot wa Uingereza. Msimulizi hutaja vyombo, dawa na hati za uvumbuzi, kisha huharakisha kwenda kwenye vita, wafalme na miji mikuu. Nyumba ambamo kazi ile ilifanyika husahauliwa. Makala haya yanakusudia kurudi katika nyumba moja, Lacock Abbey, katika jimbo la Wiltshire, na kuuliza swali dogo: je, picha za kwanza za maisha ya nyumbani zinatuonyesha kweli maisha hayo? Swali hili si geni kwetu. Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinatunza bahasha ya foto za wazee, na wanafunzi wetu huzileta darasani kama ushahidi wa historia. Kabla ya kuziamini au kuzikana, yafaa tuchunguze foto iliingiaje nyumbani hapo mwanzo, na kwa masharti gani.

Kwanza neno moja kuhusu majira. Mkongo wa kusini anajua masika na kiangazi; hayo mengine ya Ulaya anayapata vitabuni. Kamusi humpa "majira ya kuchipua", na jina hilo ni zuri, kwani linataja kile kinachoonekana: majani yanatoka katika miti iliyokuwa mikavu tangu mwisho wa mwaka. Lakini jina hilo linaficha jambo ambalo kwa mpiga picha lilikuwa kubwa kuliko majani, yaani kurudi kwa mwanga. Lubumbashi mchana haupungui saa 11 wala hauzidi saa 13 mwaka mzima. Lacock, katika mwezi wa Desemba, mchana ni wa saa 8 hivi, na jua hupita chini karibu na upeo wa macho, tena mara nyingi limefunikwa na mawingu. Mwezi wa Juni mchana huzidi saa 16. Mtu ambaye kazi yake inategemea jua hawezi kuishi huko bila kuhesabu miezi.

William Henry Fox Talbot alizaliwa mwaka 1800 akafa mwaka 1877. Alikuwa mwanahisabati, mtu wa mali na mashamba, na kwa miaka michache, 1832 hadi 1835, mbunge. Nyumba yake ilikuwa hapo kale makao ya masista, yaliyoanzishwa na bibi mmoja mtukufu, Ela, mwaka 1232, yakafungwa mwaka 1539 mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa. Talbot alihamia humo mwaka 1827, na mwishoni mwa mwaka 1832 akamwoa Constance Mundy. Hakuwa fundi wa picha kwa riziki. Picha kwake ilikuwa shughuli ya mapenzi ya moyo, iliyofanywa baina ya barua, hesabu, mimea na watoto. Tena ilizaliwa na aibu ndogo: mwezi wa Oktoba 1833, kando ya ziwa la Como huko Italia, alijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa chombo cha prizma, na mkono wake ukamsaliti. Hapo ndipo alipojiuliza kama sura ile nzuri iliyokuwa ikitua juu ya karatasi isingeweza kujiandika yenyewe.

Katika maelezo aliyoyatoa mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1839, Talbot mwenyewe alisema kwamba alianza kulitekeleza wazo hilo katika majira ya kuchipua ya mwaka 1834. Nadhani tarehe hiyo haikuwa ya bahati tu. Njia yake ilikuwa hivi: alichovya karatasi nzuri ya kuandikia katika maji ya chumvi ya kawaida, akaikausha, kisha akaipaka nitrati ya fedha kwa brashi. Karatasi hiyo, ikiwekwa juani, hugeuka nyeusi. Juu yake aliweka jani, au kipande cha lesi, akakibana kwa kioo. Penye kivuli cha jani karatasi ilibaki nyeupe. Na alipogundua kwamba chumvi kidogo huifanya karatasi iwe nyepesi kuathiriwa na mwanga, ilhali chumvi nyingi huipunguzia nguvu hiyo, akapata njia ya kuidumisha picha: aliiosha kwa chumvi kali. Msomaji aangalie vitu vyenyewe: chumvi, karatasi ya barua, lesi, jani la bustanini. Ukiondoa fedha, vyote hupatikana katika nyumba ya mtu mwenye uwezo. Maabara yake ilikuwa nyumba.

Mwaka uliofuata, binti yake wa kwanza, aliyeitwa Ela kama yule bibi wa kale, alizaliwa mwezi wa Aprili. Kiangazi hicho Talbot alikuwa akitumia visanduku vidogo vya mbao, kila kimoja na lenzi yake, akivitega huku na huku kuizunguka nyumba, kisha baada ya nusu saa hivi akipita kuvikusanya. Constance, katika barua ya Septemba 1835, aliviita mitego ya panya. Ni utani wa mke aliyechoka kuvikuta kila pembe, lakini ni utani wenye akili. Mtego hauwindi, mtego hungoja. Kilichonaswa Agosti ya mwaka huo katika dirisha la ukumbi wa kusini ni karatasi isiyozidi sana ukubwa wa stempu ya posta, na hiyo ndiyo negativu ya kamera ya zamani kuliko zote zilizosalia, yaani picha ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Talbot aliandika kando yake kwamba ilipokuwa mpya vipande vya vioo vya dirisha, karibu 200, viliweza kuhesabika kwa lenzi. Hakuna mtu ndani yake. Mtu angepita mara kumi mbele ya mtego ule bila kuacha alama.

Kisha Talbot aliiweka kazi hiyo kando, akashughulika na mambo mengine, hata habari za Daguerre zilipotangazwa Paris tarehe 7 Januari 1839. Akashtuka. Lakini ilikuwa Januari, na Januari ya Uingereza ina jua hafifu. Aliyoyaonyesha London mwisho wa mwezi huo yalikuwa hasa matunda ya mwaka 1835. Ilimbidi angoje siku zirefuke ndipo afanye kazi kwa nguvu tena. Constance naye alijaribu kutengeneza picha mwaka huo huo, kwa hiyo ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kuishika kazi hii. Mke wa nyumba iliyojaa watoto hakuwa na siku nzima ya kulinda karatasi isikutwe na mwanga. Vitabu vingi vilivyoandikwa kuhusu mumewe humpa mstari mmoja tu.

Mnamo Septemba 1840 mambo yalibadilika. Talbot aligundua kwamba karatasi iliyokaa ndani ya kamera kwa muda mfupi, hata ikiwa haionyeshi kitu, inashika sura iliyofichika, na sura hiyo hutokea ikioshwa kwa asidi ya galiki. Huko ndiko kusafisha picha, kama tunavyosema hadi leo kwa filamu. Muda wa kungoja ulishuka kutoka nusu saa au zaidi hadi dakika chache, na siku ya jua kali hata chini ya hapo. Sasa binadamu aliweza kuonekana. Oktoba hiyo hiyo alimpiga mkewe picha. Aprili 1842 kuna picha ya Constance na mabinti watatu, Ela, Rosamond na Matilda, wamesimama mstari mmoja nje ya nyumba. Ni picha ya familia kama tunavyoijua, isipokuwa kwamba wote wametulia kama nguzo. Mtoto aliyepangusa pua angeharibu kazi yote.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kati ya Juni 1844 na Aprili 1846 Talbot alitoa kwa mafungu sita kitabu chenye picha 24, The Pencil of Nature, jina ambalo tungeweza kulifasiri Kalamu ya Maumbile. Zaidi ya picha moja humo ni za vitu vya nyumbani: vyombo vya kauri juu ya rafu, vyombo vya kioo, vitabu vya maktaba. Kuhusu kauri Talbot anaandika kama mwenye mali: picha yaweza kuwa orodha ya vyombo vyote, na mwizi akiviiba, karatasi hiyo isiyo na mdomo itatoa ushahidi mahakamani. Lakini tukitazama vivuli vya picha ile inayoitwa mandhari ya maktaba tunaona kwamba hatumo ndani ya maktaba hata kidogo. Ndani kulikuwa na giza mno kwa karatasi yake. Rafu ilisimamishwa nje, uani, ikapangwa vitabu juani. Nyumba ilitolewa nje ili ionekane kama nyumba.

Nani aliyebeba vitabu hivyo? Kitabu hakisemi. Katika nyumba ya ukubwa ule bwana hakuwa akibeba rafu. Tunalo jina moja tu linaloonekana waziwazi, la Nicolaas Henneman, Mholanzi aliyekuwa mtumishi wa Talbot wa karibu. Alijifunza kazi kwa kuifanya, akaacha utumishi, na mwanzoni mwa mwaka 1844 alikuwa na karakana yake katika mji wa Reading, ambako karatasi za kitabu kile zilichapwa kwa mwanga wa jua, moja baada ya moja. Mtumishi amekuwa fundi: hilo ni jambo kubwa katika nchi ya matabaka kama ile, nami nalihesabu kuwa la maana kuliko ugomvi mrefu wa nani alitangulia. Wengine waliobeba, waliofagia na waliochota maji ya kusafishia picha wamebaki nje ya fremu.

Isipokuwa katika mahali pamoja, tena kwa kutokuwapo kwao. Mwisho wa Aprili 1844 Talbot alipiga picha ya mlango wa banda katika ua wa Lacock. Mlango u wazi nusu. Ndani ni giza, na mbali kwenye giza hilo dirisha linang'aa kidogo. Ukutani pametundikwa kandili na hatamu ya farasi. Ufagio wa vijiti umeegemezwa kizingitini. Hiyo ndiyo picha ya sita ya kitabu, Mlango Uliofunguliwa, na huenda ndiyo picha yake inayopendwa kuliko zote. Katika maelezo yake anawataja wachoraji wa Kiholanzi wa kale kuwa mashahidi kwamba mambo ya kila siku yanastahili kuchorwa. Si mara ya kwanza alipoujaribu mlango ule. Alikuwa ameupiga picha miaka mitatu kabla, mwezi wa Januari 1841, na mama yake, Lady Elisabeth Feilding, akaipa picha ile ya kwanza jina la Ufagio Ukijisemesha Peke Yake.

Talbot hakulichukua jina hilo katika kitabu chake. Mimi naona mama alikuwa amesoma vizuri kuliko mwana. Mlango uliofunguliwa hutualika kuwaza sanaa. Ufagio unaojisemesha hutufanya tuulize mwenye ufagio yuko wapi. Na tukikaza macho tunaona jambo jingine: mpini wa ufagio umelala sambamba na kivuli kinachokatiza mshazari juu ya ubao wa mlango. Mfagiaji akimaliza kazi hauegemezi ufagio kwa kufuata kivuli. Mtu aliuweka pale, akarudi nyuma kutazama, pengine akausogeza, kwa sababu saa hiyo ya mchana wa Aprili kivuli kilikuwa kimefika mahali pake na baada ya robo saa kingekuwa kimehama.

Je, basi, picha hiyo ni ya uongo? Wako wanaosema hivyo, nami sikubaliani nao. Ufagio ni ufagio wa kweli, wa nyumba ya kweli, na vijiti vyake vimeisha kwa kutumika. Kilichopangwa ni namna ulivyoegemea. Mwanahistoria anapaswa kuvitenganisha viwili hivyo. Katika picha ya ngazi, ya 14 katika kitabu, kuna wanaume watatu, na mmoja anaonekana kama anataka kupanda. Hapandi. Amesimama amekaza misuli, akihesabu dakika. Talbot mwenyewe anaeleza kwamba watu wasipotulia, picha huharibika. Kazi tunayoiona hapo si kazi. Ila nguo, ngazi na ukuta ni vyenyewe, na hata kule kutulia ni ushahidi, kwani kunatuonyesha watu walioamriwa kukaa kimya na walioweza kufanya hivyo.

Nikirudi kwenye bahasha zetu: foto ya bibi aliyesimama mlangoni katika kambi ya wafanyakazi, amevaa kitenge kipya, redio juu ya kigoda kando yake, nje, juani. Wanafunzi wengine huandika kwamba familia ilikuwa na desturi ya kusikilizia redio uani. Huenda. Lakini aliyeiona rafu ya Lacock ataanza kwa kuuliza chumbani kulikuwa na mwanga kiasi gani, foto ilipigwa mwezi gani, kivuli kinaelekea wapi, na redio ile ilitolewa nje na nani. Mara nyingi mwenye kujibu bado yupo, ameketi chumba cha pili, na hajaulizwa.

Mwaka 1944 mjukuu wa Talbot aliikabidhi nyumba ya Lacock kwa shirika la kitaifa la kuhifadhi mambo ya kale, na dirisha la mwaka 1835 bado liko mahali pake, wageni huenda kulitazama. Wengi hulipiga picha, kwa muda usiofika sekunde moja.