Usiku kompyuta ya ambulansi ilipokwama: historia ya kurudisha kilichochukuliwa

Tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka 1992, muda mfupi baada ya saa nane za usiku, kompyuta iliyokuwa inasaidia kutuma ambulansi mjini London ilianza kwenda polepole, kisha ikakwama kabisa. Wafanyakazi walizima na kuwasha mashini zao za mezani, bila mafanikio. Kompyuta ya akiba nayo haikushika kazi. Ikabidi warudie karatasi na simu.

Ripoti ya uchunguzi iliyotoka mwezi wa 2 mwaka 1993 ilieleza chanzo. Kila mara gari lilipotumwa, programu ilichukua nafasi ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta kuu na haikuirudisha. Kwa wiki tatu hivi hakuna aliyetambua. Kidogo kidogo, kumbukumbu yote ikaisha.

Dawa ya ugonjwa wa namna hii ilikuwa imeanza kutafutwa zamani. Mwaka 1979, Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Bell Labs huko Marekani, alianza lugha ya kuandikia programu ambayo baadaye iliitwa C++. Humo, programu hujengwa kwa vitu vidogo vidogo, na kila kitu hupewa agizo la kuanza na agizo la kumaliza. Kilichochukuliwa mwanzoni hurudishwa mwishoni, hata kama mwandishi wa programu amesahau.

Ikabaki shida ya mambo ya ghafla: faili halipo, mtandao umekatika. Aliyewahi kukimbia vita anajua: mtu akitoka mbio, mlango hubaki wazi na sufuria hubaki motoni. Programu nayo ni hivyo. Stroustrup na mwenzake Andrew Koenig walipanga, kufikia mwaka 1990, kwamba hata programu ikitoka mbio, kila kitu kitimize kwanza agizo lake la kumaliza. Lugha ya Java ilipata utaratibu unaofanana na huo mwaka 2011.

Leo majina ya familia zilizohama huandikwa katika simu na kompyuta kabla ya msaada kugawiwa. Anayetengeneza programu hizo aulizwe: ikikwama katikati ya kazi, inarudisha nini? Na aijaribu kwa wiki nyingi, si kwa siku moja. Wewe nawe, simu yako ikiwa nzito, izime kisha uiwashe: kumbukumbu iliyoshikiliwa na programu itaachiliwa.