Themostati: kidhibiti joto au swichi ya joto?

Katika nyumba nyingi za Marekani, kiyoyozi si kile kisanduku kirefu cha ukutani kinachoendeshwa kwa rimoti Dar es Salaam au Mombasa. Mashine moja iko nje, penye kompresa. Nyingine iko ndani, darini au stoo, na feni yake husukuma hewa vyumba vyote kupitia mifereji ya bati. Zote mbili hupokea amri kutoka kifaa kidogo kilichobandikwa ukutani, yaani themostati. Mswahili anayeishi Houston au Phoenix hununua mpya, yenye kioo cha kugusa na Wi-Fi, akaifunga mwenyewe kwa bisibisi. Halafu nyumba inakataa kupoa.

Hapo istilahi inaweza kumsaidia au kumpoteza. Kwa Kiswahili husemwa kidhibiti joto, wengine kirekebisha joto. Maneno hayo yameundwa vizuri, lakini nadhani yanampa msomaji picha isiyo sahihi. Anayesikia “kidhibiti” huamini kwamba ukikishusha hadi mwisho nyumba itapoa haraka zaidi, na kwamba isipopoa, basi chenyewe ndicho kibovu. Katika mfumo wa kawaida themostati ni swichi tu. Joto likizidi kiwango ulichoweka, inaunganisha umeme, likishuka, inaukata. Kasi ya kupoza iko kwenye kompresa.

Mafundi wetu wa pasi na friji wanalijua hili siku nyingi. Ndani ya pasi mna utepe wa metali mbili zilizoshikamana. Zikipata moto, moja hutanuka kuliko mwenzake, utepe unapinda, umeme unakatika na taa inazimika. Themostati za zamani za ukutani zilikuwa na utepe wa aina hiyohiyo, umezungushwa, na juu yake kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Kichupa kikiinama, zebaki huviringika na kugusanisha ncha mbili. Ile ya duara ya Honeywell, T87, iliyosanifiwa na Henry Dreyfuss na kuingia sokoni mwaka 1953, ilifanya kazi hivyo bila kuhitaji umeme wa kujiendesha. Ndiyo maana napendelea tubaki na themostati, neno lililo midomoni mwa mafundi, na tukilifafanua tuseme swichi ya joto.

Themostati ya kioo cha kugusa, kinyume chake, hula umeme saa zote. Umeme huo ni wa volti 24, unatoka kwenye transfoma ya mashine ya ndani. Unakuja kwa waya wa R na kurudi kwa waya wa C. Y huamsha kompresa, G feni, W kipasha joto. Ukitafsiri jina la C neno kwa neno utapata “waya wa pamoja”, na fundi wa Kariakoo hataelewa ni wa pamoja na nani. Kazi yake inafanana na ya nyutro, kwa hiyo waya wa kurudishia ndilo jina linaloeleweka. Nyumba nyingi za zamani hazikuvutiwa waya huo hadi ukutani, au upo lakini umekunjwa nyuma ya kifaa bila kuunganishwa. Bila huo, themostati mpya huweza kuzimika kabisa, au kuzimika na kuwaka.

Kosa ninaloliona linasumbua watu zaidi ni kuunguza fyuzi. Mtu anabadilisha themostati bila kuzima breka, R inagusa C kwa sekunde moja, na fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 kwenye bodi ya mashine ya ndani, mara nyingi ile yenye miguu miwili bapa kama ya gari, inaungua. Themostati yenye betri itaendelea kuwaka kioo chake na kuonyesha kwamba inapoza, ilhali hakuna kinachoifikia kompresa. Pima kati ya R na C: ukikosa volti 24 hivi, anza na fyuzi hiyo, kisha boya la sinia ya maji ya mashine ya ndani, ambalo hukata umeme bomba la kutolea maji likiziba.

Hewa ikitoka ya moto wakati umeomba baridi, huenda mashine yako ni pampu ya joto. Ina vali ya kugeuza mzunguko wa gesi, nayo huamriwa kupitia waya wa O au B. Watengenezaji wengi huipa vali umeme wakati wa kupoza. Rheem kwa desturi huipa wakati wa kupasha. Hilo hurekebishwa kwenye mipangilio ya themostati, bila kugusa waya. Na kompresa isipowaka papo hapo, subiri dakika tano. Themostati nyingi huichelewesha makusudi ili isiumie.

Ili kujua kama kosa ni la themostati, kwa kiyoyozi kisicho pampu ya joto, zima breka, unganisha R na Y na G kwa kipande cha waya, kisha washa. Mashine ya nje ikiamka, tatizo liko kwenye themostati au mipangilio yake. Isipoamka, tatizo liko mbele zaidi, labda kwenye kontakta au kapasita ya mashine ya nje. Hapo mwite fundi, kwa sababu kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa.